Mti Usioulizwa Ukoo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimeketi juani nikichomoa miiba viganjani kwa meno, nikaapa kwamba sitakata tena ua wa zizi maisha yangu yote. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye nguvu za ngamia dume na subira ya inzi. Kiapo kile nilikitimiza. Laiti ningekivunja.

Nakuambia haya, Sahra, mjukuu wangu, kwa sababu tangu jana hunisemeshi. Leo umeniletea chai, ukaiweka kwenye mkeka bila salamu, ukaondoka. Nimeinywa hivyo hivyo. Kosa langu nalijua: jana niliung'oa mti wako. Mwalimu wenu aliwaagiza kila mmoja aanze jambo dogo nyumbani la kuitunza dunia, na wewe ukalifanya kweli, hukuishia kuliandika daftarini. Ulikata nusu ya mtungi wa mafuta ya kupikia, ukatia udongo, ukahamishia humo mche uliouona umeota kando ya ua wa jirani. Kila tulipotawadha ukaweka beseni chini ya birika ili maji ya udhu yasipotee, ukaumwagilia mti wako. Wiki tatu nzima. Jana ukanishika mkono, ukasema, "Awoowe, njoo uone, una majani tayari." Nikainama, nikauona, nikaukamata shina, nikaung'oa na mizizi yake na kuutia jikoni kwenye moto.

Ulilia mpaka mama yako akaacha kazi yake akaja. Waswahili husema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mimi nimelia miaka arobaini, nimeona inatosha. Lakini sikukueleza neno, na kumng'olea mtoto mti wake bila kumweleza ni dhuluma. Kwa hiyo kaa unisikilize. Hata ukinipa mgongo ni sawa, masikio hayana mgongo.

Zamani hizo tuliishi porini nje ya Bura, upande wa Fafi, tukihama na mvua. Kila tulipotua, kazi ya kwanza ya vijana wa kiume ilikuwa kukata matawi ya miiba na kuyaburuta mpaka yazunguke zizi la mbuzi, maana fisi hapigi hodi. Mbuzi wale walikuwa wa Ayeeyo Dahabo, nyanya yangu, mama wa baba yangu, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambayo wanaume wazima waliiogopa. Alikuwa na sheria zake za ua. Mti mmoja, tawi moja. Mgunga unaozaa maganda ya kulisha mbuzi haukatwi kabisa, hata kama umekuinamia mlangoni. Na tukihama, ua hauchomwi, unaachwa ili atakayetua baada yetu apunguziwe kazi. Leo nakiri zilikuwa sheria nzuri. Wakati ule nilichojua ni kwamba kwa zizi moja nilitembea tangu alfajiri hadi adhuhuri, tawi hapa na tawi kule, kama mtu anayeomba sadaka kwa miti.

Mwaka ule baba alikuwa ameamua kwamba tusihame tena ila kiangazi kikizidi. Kwa hiyo siku ile ya kiapo, nilipotumwa Bura kununua sukari na majani ya chai, nikamkuta bwana mmoja wa bara amesimama kando ya lori akigawa miche, niliona Mungu amenisikia. Simtaji jina na simlaumu, naye alipewa akagawa. Kiswahili changu kilikuwa cha sokoni. Nikamuuliza, "Hii miti nataka maji mingi?" Akasema haitaki maji, hata pasipo na mvua inasimama. Majani yake mbuzi hawayali, maganda yake ni matamu na wanayapenda, na miiba yake fisi haipiti. Ua unaojikuza wenyewe! Nikapakia miche ishirini juu ya punda, na ile sukari nikaisahau dukani.

Ayeeyo alichuma jani moja, akalisugua kwa vidole, akalinusa. Akaniuliza jina la mti. Nikamwambia sijui, ila ni mti wa ua.

"Ali," akasema, "mgeni akija hapa na kiu tunampa maji kwanza. Akishakunywa tunamuuliza yeye ni wa nani, baba yake nani, babu yake nani, mpaka tufike kwa mtu tunayemjua. Huyu umemuuliza?"

"Ayeeyo, mti hauna ukoo."

"Kila kinachozaa kina ukoo," akasema, akarudi kwa mbuzi wake.

Nilicheka. Tena niliwasimulia vijana wenzangu, tukacheka pamoja, mwanamke mzee anataka kuuhoji mti. Usidhani nilikuwa na nia mbaya, mwanangu. Nilijiona mwema. Nilisema moyoni kwamba sasa migunga ya Ayeeyo itapumzika, hakuna tena kukata, hakuna tawi moja wala nusu tawi. Ndicho kinachoniuma hadi leo, kwamba lilikuwa jambo dogo la nyumbani na nililifanya kwa ajili ya miti.

Mvua mbili tu, ua ukanipita kimo. Hata mbweha hakupenya. Watu walikuja kutazama, wakanibandika jina la Ali Geed, yaani Ali wa Mti, na nilitembea Bura nzima nikiitikia jina hilo kwa kifua mbele. Kila aliyeomba mbegu nilimpa maganda kwa mikono miwili. Mgeni njoo mwenyeji apone, tukasema. Kiangazi kilipokuja na majani mengine yote yakakauka, mti ule ulibaki kijani na kudondosha maganda, na mbuzi wetu wakanenepa wakati wa wenzetu wanakonda. Nikamwambia Ayeeyo, unaona? Akaniambia anaona, ila bado hajasikia jina la babu yake.

Kiangazi kilipozidi tulihamia kwenye laga yetu. Wewe umezaliwa Garissa penye mto wa Tana, hujui laga. Ni mto wa mchanga, maji hupita siku chache za mvua kisha hujificha chini, na ukichimba unayakuta. Kisima chetu cha pale alikichimba mume wa Ayeeyo kwa mikono yake, na kando yake palikuwa na nyasi ambazo tulizifikia tu wakati kwingine kote ni vumbi. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba yetu, hatukuwa na nyingine. Mbuzi walifika pale wamejaa maganda tumboni, na hakuna aliyefikiria habari ya samadi. Mbegu ile, mwanangu, meno ya mbuzi hayaivunji na tumbo haliipiki. Hutoka ikiwa imelowekwa tayari na mbolea yake juu. Mimi nilipanda miti ishirini. Mingine yote waliipanda mbuzi wa Ayeeyo, na aliyewaswaga mpaka pale ni mimi.

Mvua iliyofuata ikaotesha pale kando ya kisima miche ya urefu wa kidole, haihesabiki. Ayeeyo aliyatambua majani siku ya kwanza. Tangu hapo, kila alfajiri baada ya swala na kabla ya chai, alikwenda akainama, akang'oa, akajaza pindo la nguo yake, akarudi kuchemsha chai yake kwa miche hiyo hiyo. Siku ya tatu akaniita. Akasema sasa hivi inang'oka kwa vidole viwili, kaa nami siku thelathini tuimalize. Lakini nilikuwa nimeahidiwa kazi Garissa ya kupakia ng'ombe kwenye malori, na kijana akishausikia mji hasikii kingine. Nikamwambia, "Nikirudi, Ayeeyo."

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilirudi baada ya miaka mitatu, na ukuta nilikuta umekwisha kujengwa.

Njia ya ng'ombe ilikuwa imezibwa. Nyasi zilibaki vipande vipande, kwa kuwa chini ya mti ule hakuoti kitu. Mti ulikuwa umepata jina kwa wakati huo, kila mtu aliuita mathenge, na watu walilitamka jina hilo kwa kutema mate. Ukiukata mmoja, kisiki kinatoa mitano. Ayeeyo nilimkuta ameketi na kinu mbele yake, anatwanga nyasi na maji kidogo, anamlisha kwa kiganja mbuzi wake wa maziwa, Adey, maana yake mweupe. Adey alikuwa amekula maganda miaka yote ile. Utamu wake hukwama kwenye meno na kuyaozesha. Taya lilikuwa limepinda, meno yamekwisha, ulimi unaning'inia upande. Alikuwa amesimama juu ya nyasi na hawezi kuzing'ata.

Nikasema tumchinje, tumpumzishe. Ayeeyo akaendelea kutwanga. Kisha akaniambia, bila kuinua macho:

"Kuupanda si kosa lako, Ali. Uliupanda hujui. Lakini siku ile nilipokuomba siku thelathini, ulikuwa unajua."

Hakulirudia tena mpaka alipokufa. Mwanangu, nimetukanwa na wenye malori, nimefokewa na askari, nimekaripiwa na baba yangu mbele ya watu. Yote nimeyasahau. Hilo moja huja hata nikiwa kwenye swala.

Adey alikufa wiki ile. Ayeeyo aliendelea kung'oa, mwanamke mmoja na vidole kumi, na mimi nilikaa nikang'oa pamoja naye, lakini tulikuwa kama watu wawili wanaochota laga kwa vikombe. Mwaka uliofuata akafariki. Tulimzika pale pale alipotaka, kwenye mwinuko kando ya kisima cha mumewe. Baadaye kiangazi kibaya kikamaliza mifugo, kwa kuwa ile akiba ya nyasi haikuwapo tena, tukahamia mjini na kuwa watu wa mabati kama unavyotuona. Watu husema ukame ndio uliotuleta Garissa. Ukame tulikuwa nao tangu enzi za mababu. Kilichobadilika ni kwamba safari hii hatukuwa na pa kukimbilia, na pale pa kukimbilia nilipafunga mimi.

Unaukumbuka ule mguu wangu wa mwaka jana, uliokuwa ukinipaka dawa kila jioni? Nilikuambia nilijikwaa. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumzuru Ayeeyo. Nilikwenda na wapwa zangu wawili, na mapanga na shoka, tukaacha gari barabarani tukaanza kukata. Tulikata tangu asubuhi hadi alasiri, tukasonga labda urefu wa uwanja wenu wa mpira. Nyuma yetu matawi yalikuwa yanajirudisha. Kisha mwiba ukapita kwenye kandambili ukaingia unyayoni, nikaupuuza, nikasema ni mwiba tu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Nilikuwa nikiitumia methali hiyo kuwacheka wengine.

Mpwa wangu mkubwa akaweka panga chini akasema, "Abti, turudi. Hata hatujui kama tunaelekea penyewe." Alisema kweli. Kisima hatukukiona, na kaburi hatukuliona. Nilisimama kwa mguu mmoja nikamsomea Fatiha nikiwa nimekikabili kichaka, na sijui kama nilikuwa nimeelekea upande wake. Mzee mzima nililia mbele ya wapwa zangu. Majuto ni mjukuu, husemwa, huja baadaye. Yangu yalikuja na panga mkononi.

Sasa unajua nilichokiona ndani ya mtungi wako jana. Majani mawili ya mathenge, yananyweshwa maji ya udhu na mtoto mwenye moyo safi kuliko wangu.

Sitakudanganya, mwanangu, kama wanavyodanganya kwenye mabango yaliyobandikwa ukutani shuleni kwenu, kwamba kila mtu akifanya kidogo nyumbani kwake basi dunia itapona. Mimi sioni ikipona. Nakwenda kwenye ua wa nje kila asubuhi, nang'oa miche mitatu minne, na kesho yake naikuta mingine. Jirani ananiita mzee aliyechoka kukaa. Mbuzi wanapita barabarani, wanakula maganda, wanakwenda zao na kupanda mbele ya macho yangu. Kuna siku nakaa hapa mlangoni najiambia, Ali, umechelewa miaka arobaini, ingia ndani ulale. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hakuna aliyetuambia kwamba hata ubaya hujaza kibaba hicho hicho.

Ila jambo moja nalijua ambalo mwalimu wako hawezi kulijua kwa kusoma. Jambo dogo la nyumbani lina nguvu. Nalijua kwa sababu nimeliona likiharibu. Miche ishirini juu ya punda mmoja ilifunga laga, ikaua mifugo, ikahamisha watu. Kwa hiyo mtu asikucheke kwa beseni lako. Beseni liendelee kuwekwa chini ya birika, na mimi nitatawadha polepole nisimwage nje. Ulichokosea ni kimoja, na ni kosa langu lile lile, ulimkaribisha mgeni hujamuuliza ukoo.

Basi uliza. Kabla kitu hakijaingia ndani ya ua huu, kiulize kimetoka wapi, kinakula nini, kinazaa nini, na kikifa kitazikwa wapi. Hata mfuko wa plastiki uulize, na ukikosa jibu uache dukani, beba kikapu cha mama yako. Makaa ukitumwa, leta ya mathenge. Yule mama muuzaji atakuambia, "Ya mathenge wateja hawataki, chukua ya mgunga," nawe mwambie babu yangu ana kisasi. Mbuzi wa nyumbani wasipewe maganda mazima, yasagwe kwanza mpaka mbegu ivunjike, hata kama kazi ni nyingi na mikono inauma. Na kila asubuhi, baada ya swala na kabla ya chai, ng'oa mche mmoja ungali wa vidole viwili. Mmoja tu. Usiseme "nikirudi". Neno hilo nililisema mimi, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mguu wangu unaujua, wewe ndiye uliyeupaka dawa.

Mtungi wako sikuutupa. Jana hiyo hiyo niliwatumia salamu watu wa Bura, na asubuhi hii wakaniletea maganda ya zamani ya mgunga, ule ambao Ayeeyo alitukataza kuukata. Leo, ulipokuwa shuleni, nimefukia humo mbegu saba. Babu yake mti huu namjua, nimekaa kivulini mwake. Sikuahidi kwamba zitaota, mbegu ni za kale na mkono wangu haukubarikiwa kwa miti. Na hata ukiota, mgunga hauna haraka, mimi sitaufikia. Lakini maji ya udhu ya Magharibi yako kwenye beseni, nimeyaweka nikikungoja.

Mungu akulinde, Sahra, mjukuu wangu, wewe na kila mtoto atakayeyasikia haya. Akupe macho ya kuutambua ubaya ungali na majani mawili, na mikono isiyoona haya kwa kazi ndogo. Akusamehe hasira yako ya jana, na anisamehe mimi siku zangu thelathini. Na siku nitakapoondoka, waambie wanizike mahali penye mtu wa kung'oa. Mungu akupe umri mrefu uje unizuru, na njia uikute wazi.